Kufundisha Kuliwa kwa Metali: Mfano wa Mtungi wa Alumini wa Mzamiaji

Katika ufundishaji wa sayansi shule za msingi ziko sentensi fupi ambazo huandikika upesi ubaoni na kukaririka kwa urahisi, lakini ukweli wake ni nusu. Mojawapo ni hii: "Alumini haishiki kutu." Mimi mwenyewe niliiandika ubaoni mbele ya wanachuo wa mwaka wa kwanza, tena nikaongeza maneno mawili ya kuipamba: "hata baharini."

Juma lililofuata, baada ya likizo fupi, mwanachuo mmoja atokaye Mafia alikuja na kitu kimefungwa katika gazeti. Kilikuwa kipande cha ngazi ya alumini, ngazi ambayo wazamiaji huitumia kupandia chomboni watokapo majini. Kuzunguka tundu la bolti palikuwa na unga mweupe, na tundu lenyewe lilikuwa limepanuka hata kidole kikapita. Aliniambia kwa adabu, "Samahani, mwalimu. Hii nayo ni alumini, na imeliwa." Kisha akaeleza kwamba ngazi hiyo ilikatika mtu akiwa juu yake, akaumia mguu.

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilikiri hivyo mbele ya darasa, nikaomba muda nikasome. Makala haya ni matokeo ya kusoma huko, pamoja na majaribio ambayo tuliyafanya na wanachuo. Nia yangu ni kumsaidia mwalimu mwanafunzi alifundishe jambo hili kwa usahihi, kwa kutumia kifaa kimoja ambacho watoto wengi wa pwani wamekwisha kukiona: mtungi wa hewa wa mzamiaji.

Kwa nini mtungi wa mzamiaji?

Mfano mzuri wa kufundishia ni ule unaobeba sababu ya kujifunza ndani yake. Vifaa vya kuzamia vya namna tuijuayo leo vilianzia Ufaransa mwaka 1943, pale Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipounda kidhibiti kinachompa mzamiaji hewa kila avutapo pumzi. Kwa miaka mingi mitungi ilifuliwa kwa chuma cha pua. Mitungi ya alumini ilienea kuanzia miaka ya 1970, na leo ndiyo inayoonekana zaidi katika bahari za joto, pamoja na visiwa vyetu vya Unguja, Pemba na Mafia.

Mtungi wa kawaida wa alumini una nafasi ya lita 11 hivi. Ndani yake husindikwa hewa kwa mkazo wa takriban mara 200 ya mkazo wa hewa tunayoivuta, hata lita zaidi ya 2,000 zikaingia katika nafasi hiyo ndogo. Mtoto akielewa hesabu hiyo, hatauliza tena kwa nini ni muhimu kujua kama chumvi inakula mtungi au haiuli. Uhai wa mtu umo ndani yake.

Metali yenye pupa inayojifunika

Wanafunzi wengi hudhani kwamba alumini hailiwi kwa sababu ni metali tulivu kama dhahabu. Dhana hiyo ni kinyume cha ukweli, na hapana budi mwalimu aiondoe mapema. Alumini ina pupa ya oksijeni kuliko chuma. Pupa hiyo ndiyo iliyofanya iwe vigumu mno kuitenga na udongo wake. Hans Christian Ørsted wa Denmark aliipata kwa kiasi kidogo mwaka 1825, lakini iliendelea kuwa ghali sana mpaka mwaka 1886, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, walipogundua njia ya kuitenga kwa umeme.

Basi iweje metali yenye pupa hivyo idumu? Jibu ni kwamba inajifunika. Mara tu alumini inapokatwa au kukwaruzwa, uso wake mpya hukamatana na oksijeni ya hewani na kufanya utando wa oksaidi. Utando huo ni mwembamba sana, kiasi cha nanomita chache tu. Ukichukua utando wenye unene wa nanomita 10, itakubidi upange matabaka 100,000 ili upate unene wa milimita moja. Hata hivyo ni mgumu, umeshikamana na metali, na hauruhusu oksijeni zaidi kupita. Ukikwaruzwa, hujirudia wenyewe.

Sasa tulinganishe na chuma. Kutu pia ni oksaidi, iliyochanganyika na maji. Lakini kutu huchukua nafasi kubwa zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huvimba, hupasuka na kubambuka, na chuma kilicho chini huachwa wazi kuliwa tena. Oksaidi ya alumini huchukua nafasi iliyozidi kidogo tu ile ya metali yake, na kwa hiyo hukaa mahali pake. Tofauti kubwa ya metali hizi mbili, basi, si kwamba moja huliwa na nyingine hailiwi. Zote mbili hushikana na oksijeni. Ila moja hufanya ngozi, na nyingine hufanya magamba.

Chumvi hufanya nini?

Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila kilo moja. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo ni ile ile tuitumiayo mezani, yaani sodiamu na kloraidi. Kloraidi ndiyo adui wa utando. Haiuli wote kwa pamoja, bali hutafuta mahali dhaifu na kutoboa tundu dogo. Ndani ya tundu hilo oksijeni huwa haba, maji yaliyotuama hugeuka kuwa na uchachu, na utando hushindwa kujirudia. Hivyo tundu huendelea kuingia ndani ilhali uso wote uliobaki unang'aa. Dalili yake ni unga mweupe mdomoni mwa tundu. Usitafute rangi nyekundu; alumini haitoi kutu nyekundu.

Mafundi hawatumii alumini tupu baharini, bali aloi. Mashua hutengenezwa kwa aloi zilizotiwa magnesi, kwa mfano ile iitwayo 5083. Mitungi mingi ya wazamiaji ni aloi 6061, yenye magnesi na silikoni kidogo. Aloi hizi huvumilia maji ya bahari kwa miaka mingi, ilimradi maji yawe yanapita na uso upate oksijeni ya kujirudishia utando. Mahali pa hatari ni pale maji yanapotuama: chini ya mkanda wa kufungia mtungi, chini ya rangi iliyopasuka, na ndani ya kikalio cha mpira. Ndiyo maana wazamiaji hufundishwa kuosha vifaa vyao kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila siku baada ya kazi.

Mfano wa jikoni utamsaidia mtoto wa bara ambaye hajaiona bahari. Sufuria ya alumini ikichemshiwa maji yenye magadi hubadilika na kuwa nyeusi. Magadi ni adui mwingine wa utando ule. Kwa hiyo mwalimu wa Dodoma hana sababu ya kuliacha somo hili kwa kuwa bahari iko mbali.

Metali mbili ndani ya maji ya chumvi

Sasa tumefikia siri ya ile ngazi ya Mafia. Alumini yake ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa katika bolti, ambazo zilikuwa za chuma kisichoshika kutu.

Metali mbili zisizofanana zikigusana ndani ya maji ya chumvi, hufanya betri. Elektroni hutoka katika metali yenye pupa zaidi na kwenda katika ile yenye utulivu, na ile ya kwanza huliwa kwa haraka. Ukizipanga metali kwa jinsi zinavyoliwa katika maji ya bahari, kuanzia inayoliwa upesi, utapata mpango huu: magnesi, zinki, alumini, chuma, risasi, shaba, na mwishoni chuma kisichoshika kutu. Kadiri metali mbili zinavyokaa mbali katika mpango huo, ndivyo hatari inavyoongezeka. Alumini ikigusana na shaba au na chuma kisichoshika kutu, yenyewe ndiyo inayolipa deni.

Mtungi wa mzamiaji una jambo hili shingoni mwake. Mwili ni alumini, lakini vali ni mchanganyiko wa shaba na zinki uliopakwa kromi. Maji ya chumvi yakiingia katika hesi za vali na kukaa humo, hesi za alumini huliwa, na vali huweza kung'ang'ania hata isifunguke. Kinga yake si ngumu. Vali hufunguliwa kila mwaka wakati wa ukaguzi, hesi husafishwa, na grisi ifaayo ya silikoni hupakwa kidogo ili kuyazuia maji. Nchini Marekani mtungi hupimwa pia kwa mkazo wa maji kila baada ya miaka 5.

Mpango ule ule wa metali unatupa dawa pia. Wenye mashua za alumini hufunga vipande vya zinki chini ya maji. Zinki huliwa badala ya alumini, na ikiisha hubadilishwa. Hapa wanafunzi hufurahi, kwa sababu wanaona kwamba kanuni ile inayoharibu ndiyo hiyo hiyo inayolinda.

Ndani ya mtungi

Mpaka hapa tumezungumza juu ya nje. Lakini ndani ya mtungi ndimo mlimo na jambo zito kuliko yote. Katika hewa tunayovuta, oksijeni ni asilimia 21. Hewa hiyo ikisindikwa kwa mkazo wa mara 200, mkazo wa oksijeni peke yake hupanda kutoka 0.21 mpaka 42. Mtungi wa chuma ukiingiwa na maji ya chumvi, huliwa kwa ndani kwa nguvu hiyo yote. Wala si ukuta tu unaoharibika: kutu hujengwa kwa oksijeni, na oksijeni hiyo hutoka katika hewa ya mzamiaji. Mtungi wa chuma wenye unyevu, ukikaa umefungwa kwa muda mrefu, huweza kubaki na hewa isiyotosha kumweka mtu hai.

Hatari hii hujificha. Tuseme oksijeni imeshuka hata asilimia 8. Katika kina cha mita 10 mkazo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo mzamiaji hupata oksijeni sawa na asilimia 16 ya nchi kavu, naye huweza asihisi lolote. Akipanda juu, 16 hurudi kuwa 8, naye huzimia bila onyo. Hesabu hii ya mwanafunzi wa darasa la sita inaeleza ajali ambayo mtu mzima huweza asiijue kisa chake.

Mtungi wa alumini hupunguza hatari hiyo kwa sababu ukuta wake ukishajifunika huacha kula oksijeni kwa wingi. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na si wepesi, kama wengi wanavyodhani. Ni kweli kwamba alumini ni nyepesi, yenye gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo ilhali chuma kina 7.9. Lakini kwa kuwa haina nguvu za chuma cha pua, ukuta wake hufanywa mnene, na mtungi wa kawaida huwa na uzito wa kilo 14 hivi. Kisha hewa ikikaribia kwisha mtungi huanza kuelea, na mzamiaji hulazimika kubeba risasi zaidi kiunoni.

Wala tusipindukie upande wa pili tukasema kwamba mtungi wa alumini hauna kasoro. Mitungi ya miaka ya 1970 na 1980 iliyofanywa kwa aloi 6351 ilionekana kupata nyufa shingoni. Nyufa hizo hazikuletwa na chumvi, bali na mkazo uliokaa juu ya aloi hiyo kwa miaka mingi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 watengenezaji walihamia aloi 6061, na vituo vingi leo hukataa kuijaza mitungi ya zamani. Mwalimu akumbuke basi: kifaa chaweza kuvumilia chumvi na bado kikashindwa kwa sababu nyingine.

Majaribio matatu ya darasani

Jaribio la kwanza lina mitungi mitatu midogo ya kioo. Tia maji ya bahari, au changanya lita moja ya maji na vijiko 6 vya chai vya chumvi. Katika mtungi wa kwanza weka msumari wa chuma usiopakwa kitu. Wa pili, kipande cha sufuria ya zamani kilichosuguliwa kwa mchanga. Wa tatu, kipande kama hicho kilichozungushiwa waya wa shaba kwa kukazwa. Kabla ya kuviacha, kila mwanafunzi aandike utabiri wake. Baada ya siku mbili au tatu msumari huwa mwekundu. Alumini iliyo peke yake hufifia kidogo tu. Ile yenye waya hutoa utelezi mweupe, na baada ya juma moja au mawili huonyesha vitundu palipogusana na shaba.

Jaribio la pili linaonyesha kazi ya kloraidi. Hili lifanywe na mwalimu peke yake, nje au dirishani, kwa kuwa mrututu ni sumu. Katika bilauri ambayo haitatumika tena kwa kunywea, yeyusha nusu kijiko cha mrututu katika maji. Tumbukiza kipande cha karatasi ya alumini. Kwa dakika kadhaa hapaonekani badiliko la maana, kwa sababu utando unazuia. Sasa ongeza kijiko cha chumvi ya mezani na ukoroge. Karatasi huanza kutoa mapovu, maji hupata joto, shaba nyekundu hujitokeza, na alumini humong'onyoka. Chumvi haikuila alumini. Ilifungua mlango tu. Bilauri isishikwe na watoto, na waliotazama kwa karibu wanawe mikono.

Jaribio la tatu ni la kutembea. Watume wanafunzi watafute, nyumbani na mtaani, mahali ambapo alumini imegusana na metali nyingine: mkono wa sufuria uliopigwa ribiti, fremu ya dirisha, antena, baiskeli. Waandike wanachokiona kuzunguka ribiti au skrubu. Darasa langu lilirudi na mifano mingi kuliko niliyoitarajia.

Kuendesha kipindi

Madhumuni ya kipindi yaandikwe kwa vitendo: mwisho wa somo mwanafunzi aweze kueleza kwa nini alumini hujilinda, ataje hali mbili zinazouvunja ulinzi huo, na apendekeze njia moja ya kukinga. Dakika 10 za kwanza zitumike kwa vitu halisi, msumari wenye kutu na sufuria ya zamani, pamoja na swali: "Kipi kina pupa zaidi ya oksijeni?" Wengi watajibu chuma. Usiwasahihishe hapo hapo. Andika kura zao ubaoni. Dakika 20 zifuatazo ziwe za kutazama majaribio yaliyotayarishwa siku kadhaa kabla, na kuzungumza. Dakika 10 za mwisho wanafunzi wazirudie kura zao na kusahihisha wenyewe.

Yako makosa mawili ya lugha ambayo nimeyasikia mara nyingi katika mazoezi ya kufundisha. La kwanza ni kuita unga mweupe wa alumini "kutu". Neno kutu libaki kwa chuma. Kwa metali zote kwa jumla tuseme kuliwa. La pili ni neno "kamwe". Sentensi ya sayansi yenye "kamwe" ichunguzwe mara mbili kabla ya kuandikwa ubaoni.

Hitimisho

Kipande kile cha ngazi bado kimo katika kabati la zana chuoni. Kila mwaka hukitoa na kukipitisha mkononi mwa kila mwanachuo kabla sijaandika neno lolote. Kisha huandika ubaoni sentensi ndefu kuliko ile ya kwanza: "Alumini hujilinda kwa utando wake, ikiwa maji hayatuami juu yake, wala haigusani na metali tulivu kuliko yenyewe."

Haikaririki upesi. Lakini mtoto wa mjaza mitungi anaweza kurudi nayo nyumbani akamwambia baba yake aiangalie bolti, naye baba akiitazama ataona kwamba mtoto amesema kweli. Ndugu mwanachuo, hicho ndicho kipimo cha sentensi uandikayo ubaoni. Na siku mwanafunzi atakapokuletea kitu kilichofungwa katika gazeti, mshukuru, kifungue mbele ya darasa, na kama hujui jibu, sema hujui, kisha ukalitafute.